Kicheko cha Aliyeibiwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, hapa Maneromango. Tunaichapa kama ilivyosomwa.)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wanachama wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokaa chini kwa sababu viti tumevikalia sisi wazee:

Nimepewa dakika ishirini kuzungumza juu ya jambo ambalo katika ratiba limeandikwa "Sanaa na Maadili". Lakini sote twajua lililo nyuma ya maneno hayo. Wanafunzi wa kidato cha tatu wametunga mchezo wa kuchekesha, na wanataka kuurekodi kwa simu uwe filamu fupi. Mchezo ni wa familia moja ya hapa kwetu. Baba ni kibarua wa kupakia mkaa kwenye malori, mama anauza vitumbua, bibi hana jino hata moja lakini ana neno kwa kila mtu, na watoto ni wanne. Wanauza mbuzi wao wawili ili mtoto wa kwanza aende shule ya bweni. Baba anakwenda Kariakoo kununua mahitaji, anakutana na kijana mwenye ulimi wa asali, ananunua simu ya bei poa. Akifika nyumbani na kufungua boksi, ndani mna kipande cha sabuni ya kufulia. Basi ukoo mzima unapanda gari kwenda mjini kumtapeli tapeli.

Wajumbe wawili wa kamati, watu ninaowaheshimu sana, wamesema mambo mawili. La kwanza, kwamba mchezo huu unafundisha wizi. La pili, kwamba unawaaibisha watu wa Kisarawe, maana mjini tumekwisha kuchekwa vya kutosha. Jioni hii kamati itapiga kura kama chama kitoe fedha au kisitoe. Nimeombwa niseme kabla ya kura, nami nitasema nikiwa upande wa vijana, ila si kwa kila kitu walichokiandika.

Kwanza tukumbuke kwamba mchezo wa namba hii si mgeni katika nchi yetu. Mwaka 1952 ilitengenezwa filamu ya Kiswahili iliyoitwa Muhogo Mchungu. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa na mkataba na kampuni moja ya filamu ya Johannesburg, na mchezaji mkuu alikuwa kijana aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa. Naam, ni Kawawa huyo huyo mnayemsoma katika historia: kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwezi Januari 1962, tena Waziri Mkuu wa Tanzania tangu 1972 hadi 1977, akafariki tarehe 31 Desemba 2009. Kabla ya hayo yote watu walimjua kwa sura yake kwenye shuka jeupe la sinema. Katika filamu ile alikuwa mtu wa shamba anayefika Dar es Salaam, na wajanja wa mjini wakampokea kwa namna wanavyopokea wajanja wa mjini.

Jina lile lilichaguliwa vizuri, na hakuna watu wanaolielewa kuliko sisi wa huku Uzaramo. Muhogo mchungu ukiwa shambani si rahisi kuutofautisha na muhogo mtamu. Majani yale yale, mti ule ule. Mgeni akichimba na kutafuna, anaweza kuumwa hata akafa. Mwenyeji huumenya, akauloweka, akauanika mpaka ukawa makopa, ndipo akasaga unga wake. Mjini ni hivyo hivyo. Tapeli hana pembe. Amevaa shati safi, anakuita "mjomba", na anakuuliza habari za nyumbani.

Hata hivyo, ndugu zangu, tujiulize kicheko cha mwaka 1952 kilikuwa kinamcheka nani, na kwa faida ya nani. Serikali ya kikoloni haikupenda vijana wa shamba wamiminike mjini. Wasio na kazi walikamatwa na kurudishwa makwao. Kwa serikali ya namna hiyo, mtu wa shamba anayepotea mjini lilikuwa somo lililo tayari: kaa kwenu, mji si wako. Na wazo hilo halikuondoka na Mwingereza. Mwaka 1983 tulikuwa na kampeni ya Nguvu Kazi, na watu wasio na ajira walitolewa Dar es Salaam wakapelekwa vijijini. Wazee wenzangu mnakumbuka. Kwa hiyo hofu ya wajumbe wetu wawili ina mizizi. Mtu wa shamba amechekwa muda mrefu, na mara nyingi aliyecheka alikuwa na sababu yake.

Kipo kicheko cha pili, na hiki wengi wetu tulilelewa nacho. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Jumba letu la michezo lilikuwa redio, na betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati ili zitupe japo nusu saa. Katika Redio Tanzania Dar es Salaam kulikuwa na mchezo wa Pwagu na Pwaguzi. Jina limetoka katika methali: pwagu hupata pwaguzi, yaani mwizi naye hukutana na mwizi aliyemzidi. Wale wawili walikuwa matapeli wadogo wadogo, wa kuhangaikia mlo wa leo, na kila hila yao iliwarudia wenyewe. Sikumbuki hata mzee mmoja wa hapa aliyesema mchezo ule umemfanya mwanawe mwizi. Tulijifunza hila za mjini tukiwa tumekaa kwenye mkeka, bila kulipa nauli wala kupoteza senti.

Ninyi vijana mnaosema hamna fedha za kutengeneza mchezo, angalieni mchezo ule ulitengenezwa kwa nini. Sauti za watu wachache, mlango unaofungwa, hatua za miguu, sufuria inayoanguka. Basi. Nyumba, soko na kituo cha polisi vilijengwa ndani ya kichwa cha msikilizaji, na vikajengeka barabara.

Kicheko cha tatu ndicho ninachotaka kukitetea leo, nacho kinatoka Senegal. Mwaka 1968 Ousmane Sembène, mtu aliyewahi kuwa kuli wa bandari kule Marseille, alitengeneza filamu iitwayo Mandabi, kwa lugha yao ya Kiwolofu. Mzee mmoja wa Dakar, Ibrahima Dieng, hana kazi, ana wake wawili na watoto wengi. Siku moja mpwa wake aliyeko Paris, anayefagia barabara, anamtumia hawala ya faranga 25,000. Kati ya hizo, 20,000 ni za kumtunzia mpwa, 3,000 ni za mama wa kijana, na 2,000 tu ndizo za Dieng mwenyewe. Lakini ili kuchukua hela posta anatakiwa kitambulisho. Ili kupata kitambulisho anatakiwa cheti cha kuzaliwa. Kila dirisha analofika linamtuma kwenye dirisha jingine, na huku majirani wamekwisha sikia kwamba kuna fedha, wanapanga mstari kukopa. Mwisho jamaa mmoja msomi, mwenye suti, anajitolea kumsaidia, na huyo ndiye anayezila zote.

Ukiitazama filamu ile unacheka, kisha unajikuta umekasirika. Na humkasirikii Dieng, ingawa ana majivuno yake na ulafi wake. Unazikasirikia karatasi, madirisha na ile suti. Hapo ndipo kicheko cha tatu kinapotofautiana na cha kwanza. Mtu wa shamba katika kicheko cha kwanza anachekwa kwa sababu hajui. Dieng anachekwa na watu wanaojua kabisa kwamba wangekuwa mahali pake wangefanya vivyo hivyo.

Sisi tuna neno letu kwa jambo hili, wala hatuna haja ya kuliazima. Ni utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Mtani wako anaweza kukucheka hata msibani; atakuja na maneno ambayo mtu mwingine akiyasema patapigwa fimbo. Lakini mtani huyo huyo ndiye unayemwona anashika jembe, anachota maji, anapika. Ana haki ya kucheka kwa sababu ana wajibu wa kusaidia. Anayecheka bila kushika jembe si mtani, huyo anakejeli. Basi nawaomba wajumbe wa kamati waupime mchezo wa vijana hawa kwa kipimo hicho. Wasiulize tu kama unamcheka mtu wa Kisarawe. Waulize kama anayecheka ameshika jembe.

Sasa niseme kwa nini jambo hili ni zito kuliko burudani. Ndugu yangu mmoja wa damu aliuziwa sabuni badala ya simu, kama baba wa kwenye mchezo. Hakwenda polisi, wala hakumwambia mkewe. Kwa muda wa miezi minne alimwambia kwamba fedha zimekopwa na rafiki. Mama watoto alipoujua ukweli, kilichomuuma zaidi ni kule kufichwa. Nilipomuuliza ndugu yangu kwa nini hakusema, alijibu: "Ningesemaje? Ningeitwa mshamba mpaka kufa." Zingatieni jibu hilo. Tapeli wa Kariakoo hahitaji duka wala leseni. Mtaji wake ni aibu ya aliyeibiwa. Mtu akinyamaza, kesho yule kijana anarudi pale pale na boksi jingine.

Siku hizi hata nauli ya kwenda mjini haihitajiki, kwa maana tapeli anakufuata nyumbani. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zianze hapa nchini mwaka 2008, wengi wetu tumepata ule ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Haujui jina lako wala deni lako. Unatumwa kwa watu wengi, na katika hao hakosekani mmoja ambaye kweli anadaiwa, kweli alikuwa anangoja namba, na kweli anatuma. Huyo si mjinga. Ameibiwa kwa sababu ni mtu wa kulipa madeni yake. Naye pia hunyamaza.

Hivyo basi, mchezo unaomwezesha mtu kucheka na kusema "mimi pia yalinikuta" unafanya kazi ambayo bango la polisi halijaweza kuifanya. Kama unafundisha wizi? Wezi wamekwisha hitimu, ndugu zangu. Sisi ndio tulio nyuma ya masomo.

Baada ya kuwatetea vijana, sasa niwaambie mambo matatu ya kurekebisha. Nayasema kama mtu aliyeshika daftari za hesabu maisha yake yote.

La kwanza ni hesabu yenyewe. Katika mchezo wenu baba anasema ameibiwa "hela nyingi". Hela nyingi haichekeshi wala haiumi. Tuambieni mbuzi wawili waliuzwa shilingi 180,000. Mama aandike kwenye karatasi ya kufungia vitumbua: godoro 70,000, sare na viatu 65,000, madaftari 25,000, nauli 20,000. Jumla ni 180,000. Haikubaki hata ya soda. Kisha tapeli aseme simu hii dukani ni 200,000, nakupa kwa 90,000. Sasa tunaona kichwani mwa baba: nikiiuza kwa 200,000, narudisha zote na kuzidi. Hapo si mjinga tena. Ni baba anayejaribu kulifanya godoro liwe godoro na kitanda. Na sabuni ikitoka ndani ya boksi, kila mtu ukumbini atakuwa amekwisha toa 90,000 katika 180,000 na kujua kitu gani hakitanunuliwa. Kicheko kitatoka, lakini kitatoka kikiwa na uzito.

La pili ni mpango wa kumtapeli tapeli. Mmefanya familia ifanikiwe kirahisi mno, irudi na mamilioni. Hapo wajumbe wetu wana haki ya kulalamika. Waitaliano walitengeneza filamu mwaka 1958, I soliti ignoti, ya Mario Monicelli, juu ya maskini wa Roma wanaotaka kuiba fedha. Wanatoboa ukuta usiku kucha. Mwisho wanajikuta wametokea jikoni, ukuta si ule. Wanakuta chakula, wanakaa, wanakula. Huo ndio wizi wa watu wasio wezi. Familia yenu nayo ishindwe kama watu wema wanavyoshindwa. Bibi amwonee huruma tapeli kwa kuwa amekonda, ampe kitumbua. Mtoto aseme ukweli wakati usiofaa. Yule kijana wa boksi naye tumwone ana chumba cha kupanga na kodi inayodaiwa. Si lazima asamehewe, lakini tuone kwamba yeye pia alikuja mjini na begi kama wengine. Pwagu hupata pwaguzi, naye pwaguzi ana mwenye nyumba wake.

La tatu ni zito zaidi, na hapa sitanii. Katika onyesho la nne mmeandika kwamba tapeli anakimbia, mtu anapiga yowe "Mwizi!", umati unamzunguka na kumpiga, na watazamaji wanacheka anavyolia. Liondoeni. Wengi humu tumeshuhudia mtu akipigwa mpaka kufa kwa kuku au kwa simu, na wengine kwa jina tu la kusingiziwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika juu ya mauaji ya namna hii katika taarifa zake kwa miaka mingi. Hakuna mtani atakayecheka mahali hapo, kwa kuwa hapo hapana jembe la kushika isipokuwa la kuchimbia kaburi. Mkitaka yowe la mwizi liwepo, basi libadilisheni: umati umkamate baba kwa makosa, yeye aliyeibiwa, naye aokolewe na ulimi wa bibi asiye na meno. Watazamaji watacheka kwa kupumua, na wakirudi nyumbani watafikiri.

Juu ya gharama nitakuwa mfupi. Chagueni uwanja mmoja, nyumba moja na uani kwake, na Kariakoo yenu iwe kona moja ya soko letu siku isiyo ya gulio. Rekodini asubuhi, jua likiwa bado upande, msihangaike na taa. Simu isishikwe kwa mkono unaotetemeka. Iwekwe juu ya meza au ifungwe kwenye mti. Sauti ndiyo inayoua filamu nyingi za kwetu, kwa hiyo simu ya pili ifichwe karibu na wasemaji, ndani ya kapu au nyuma ya chungu, irekodi sauti peke yake. Kila mchezaji aseme sentensi fupi. Na kwa kuwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inahusu vibali, mwalimu mlezi aulize mapema kinachotakiwa kabla filamu haijaonyeshwa hadharani.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza kwa maombi. Naomba kamati ikubali mchezo huu kwa sharti la marekebisho hayo matatu, hasa lile la umati. Naomba wajumbe wetu wawili waliopinga wawe ndio wasomaji wa kwanza wa mchezo ulioandikwa upya, maana jicho lao limeona hatari ambayo sisi wengine tulipita juu yake. Na naomba kila mwanachama aliyewahi kuuziwa sabuni, au kutuma fedha kwenye "namba hii", amfuate kijana mmoja wakati wa chai amsimulie jinsi ilivyokuwa: maneno aliyoambiwa, kiasi alichotoa, na uongo aliousema nyumbani. Vijana hawahitaji fedha nyingi kutoka kwetu. Wanahitaji nauli ya siku mbili, chakula cha wachezaji, na visa hivyo, kwa sababu havipatikani dukani.

Ndugu yangu niliyemtaja yumo humu ukumbini, na ameniruhusu kusema habari yake. Yeye atakuwa amekaa karibu na birika la chai. Anayetaka kuanza, aanzie kwake.